Kisanduku cha Kulelea Vifaranga: Gapi Kinamfaa, Mbuna Hakimfai

Mimi ni kinyozi hapa Malindi, na ukutani, mkabala na viti vya wateja, nina tangi la samaki la lita 200. Ndani wamo samaki waitwao mbuna, wa Ziwa Nyasa, wengi wao wale wa njano wenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongo, ambao wataalamu huwaita Labidochromis caeruleus. Majike walipoanza kubeba mayai nilikwenda Mombasa nikanunua kisanduku cha kuzalishia kwa shilingi 700. Nimekitumia mara mbili, na mara zote mbili nimejuta.

Chenyewe ni cha plastiki inayoonyesha ndani, urefu haufiki shibiri. Kinaning'inia ndani ya tangi kwa vikombe viwili vya mpira vinavyonata kwenye kioo. Katikati kina sakafu ya mteremko yenye mwanya, ili watoto wakizaliwa wapenye wadondoke chini, mama asiwafikie. Kwa gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, ni akili nzuri, maana huzaa watoto walio hai kisha akawageukia akawala palepale.

Mbuna habari yake ni nyingine. Jike hutaga kwenye jiwe na papo hapo huyaokota mayai yake kwa mdomo. Dume ana madoa ya rangi ya mayai kwenye pezi la chini. Jike huyafuata ayaokote nayo, na hapo ndipo anapopata mbegu, mayai yakiwa tayari mdomoni. Basi atakaa nayo wiki tatu hivi bila kula. Utamjua: kidevu kimeshuka, mdomo unatafunatafuna bure, chakula kinampita puani hakitazami. Mzee mmoja mvuvi, mteja wangu wa kila Ijumaa, aliniuliza, "Mwanangu, huyu ana matubwitubwi?" Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. Akasema baharini hongwe naye hubeba mayai mdomoni, tena hubeba dume.

Jike wa kwanza nilimtia kisandukuni siku ya tano. Samaki wa sentimita tisa humo ndani hana pa kugeukia, seuze pa kujificha. Taa zinamwakia, dume anamzunguka nje anamtolea mapezi, na kila mteja akiinuka kitini jike anajigonga ukutani. Asubuhi nikakuta mashavu bapa na sakafu haina yai hata moja. Alikuwa ameyameza. Simlaumu; ningekuwa mimi ningeyameza mapema zaidi.

Ndipo nikamwendea fundi wa vioo, akaniundia katangi ka sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambako kakijaa ni lita 54. Humo nikaweka vipande vya paipu ya maji vya kujifichia, na chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa, kwa sababu chujio la mota hufyonza vifaranga. Maji nikachota kwenye tangi kubwa. Na kwa maji sisi wa Malindi tumebarikiwa: kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, sabuni haitoi povu ukitaka kulia, lakini mbuna ndiyo hayo anayoyapenda, magumu yenye pH (kipimo cha uasidi) kati ya 7.8 na 8.6. Hita ya kazi gani kwa joto hili? Ila nakuomba usichukue matumbawe baharini kupamba tangi. Hapa kuna hifadhi ya bahari tangu 1968, na mawe ya kujengea yaliyovunjika yanatosha.

Jike wa pili nilimwacha na wenzake mpaka siku ya 16. Nikamhamisha usiku, duka limefungwa, taa zimezimwa, kwa jagi wala si kwa wavu, kwani akinaswa kwenye wavu huyatema yote. Siku ya 22 nikakuta vifaranga 26 wamejibanza kwenye paipu, kila mmoja karibu sentimita moja, wa njano hafifu. Mama nikamlisha peke yake siku nne kabla ya kumrudisha, maana alikuwa amebaki kichwa na mifupa. Watoto nikawapa chakula cha kawaida nilichokisaga kwa vidole kikawa unga, na artemia waliotoka kuanguliwa, vile vidudu vya maji ya chumvi. Mara tatu kwa siku, kidogo kidogo.

Kisanduku kikapata nafasi ya pili. Umeme ulikatika tangu asubuhi, jua la kaskazi, na pampu yangu ya betri ni moja tu, iko tangi kubwa. Nikaona heri nihamishie vifaranga kisandukuni, niking'inize humo wapate hewa. Saa tisa alasiri niko na kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, nikasikia *ploki*. Kikombe kimoja kilikuwa kimelegea kwa joto, kisanduku kimeinama, na ukingo umezama. Nilipofika na mashine mkononi, vifaranga tisa walikwisha kuliwa, na baba yao alikuwa wa kwanza mezani.

Kwa gapi nakipa nyota tatu, mradi ukifunge kwa uzi juu usitegemee vile vikombe. Kwa mbuna nakipa moja, nayo ni kwa sababu plastiki yenyewe haijapasuka. Katangi ka fundi kamenigharimu mara nne ya bei hiyo, na sijutii hata senti.

Kumi na saba wamekua, tayari wanafukuzana. Na juzi mama yao nimemwona kidevu kimeshuka tena. Kisanduku kiko kwenye rafu, chini ya kioo, natilia vitana vya mashine.