Kasha la barafu la lita 100: linamfaa mvuvi wa Malindi?

Mvuvi wa Mayungu au Ngomeni akitia nanga bila barafu, bei hapangi yeye. Kufikia adhuhuri tafi na changu wameshalegea, macho yamezama, matamvua yamegeuka kahawia, na mnunuzi anasubiri tu. Ufukara wa nyumba nyingi za wavuvi hauanzii kwenye nyavu tupu. Unaanzia hapo, samaki akiwa tayari nchi kavu.

Kasha la plastiki ngumu lenye povu la kuzuia joto ndani ya kuta linaweza kumpa usiku mzima wa kutafuta mnunuzi mwingine, likijazwa sawasawa. La lita 100 hubeba samaki kilo 30 na barafu kilo 30, si zaidi. Wengi hubania barafu wakatia kilo 10. Hesabu inakataa: kupoza samaki hao kutoka nyuzi 30 hadi sifuri kunayeyusha karibu kilo 10 zote, na haibaki ya kupambana na joto la nje. Toa matumbo na matamvua, osha kwa maji safi ya bahari, tandika barafu, panga samaki tumbo likiangalia chini, funika kwa barafu, rudia. Bonge la barafu lipondwe hadi liwe dogo dogo, kwani kona zake huchubua ngozi. Chupa za maji yaliyogandishwa hupoza pale zinapogusa tu.

Ukinunua, angalia ukuta usipungue sentimita 5, mpira wa kifuniko usiache mwanya, na tundu la kutolea maji liwe chini kabisa. Ukuta ukipasuka maji huingia kwenye povu. Kasha linakuwa zito na halizuii joto tena. Friji kuukuu iliyolazwa chali ni ya bei rahisi zaidi, ila mpira wake mara nyingi umeshakufa, na haifai kupandishwa mashuani.

Tatizo kubwa ni mkopo. Kasha likitoka kwa tajiri, yaani mnunuzi anayewakopesha wavuvi vifaa, pamoja na mashine ya mashua na nyavu, sharti huwa samaki wote wauzwe kwake, kwa bei yake. Samaki atakaa mbichi, lakini kumuuzia mwingine haiwezekani. Kusi likivuma mitumbwi midogo haitoki, unga unakopwa kwa tajiri yule yule, na msimu mzima wa kaskazi, bahari ikitulia, unaishia kulipa deni. Kwa mvuvi wa hivyo hatulipendekezi. Linunuliwe na wavuvi 4 au 5 kwa pesa ya chama chao, tena pale tu barafu inapopatikana kila siku. Mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, naye linamfaa sana: anayekaanga jioni ataweza kununua asubuhi, samaki wakiwa bado wengi.