Hati ya kiwanja kwa njia ya urasimishaji: nimeipata, ila nisikilizeni kwanza

Nianze na jibu, maana najua wengine mnataka hilo tu. Hati nimepata, ipo kabatini, na ningeambiwa nianze upya ningeanza. Ila nisingelipa vile nilivyolipa, na nisingeamini hata nusu ya tuliyoambiwa kwenye mkutano wa kwanza. Nyota natoa tatu kati ya tano.

Tunakaa pembezoni mwa Dar es Salaam, mtaa sitautaja. Ni pale ambapo kila mtu alinunua kwa mtu, akajenga alivyoweza. Urasimishaji ni kuyapanga na kuyapima makazi kama hayo ili wenyewe wapate hati. Chetu tulikinunua mwaka 2009, hatua ishirini na tano kwa kumi na nane, tukaandikiana karatasi ya mauziano ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mmoja wa mashahidi ameshafariki. Ushahidi wetu wote ulikuwa huo.

Leseni ya makazi, ile karatasi ya kumiliki kwa muda mfupi, ninaijua, kwa wazazi wangu ilikuwepo. Ni zile zilizoanza kutolewa Dar mwaka 2004, mwanzoni za miaka miwili, baadaye zikawa za mitano. Mama aliitunza pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Lakini nyumba zile zilitambuliwa kwa picha za angani, hakuna aliyekuja kupima mipaka ardhini, kwa hiyo ugomvi wa ukuta ukitokea leseni haisemi kitu. Mimi nilitaka bikoni, yale mawe ya mpaka yanayowekwa na wapima.

Mwaka 2018 mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Ikaletwa kampuni ya upimaji, tukachagua kamati ya urasimishaji, tukaambiwa 250,000 kwa kiwanja. Kijana wa kampuni alisema kwa mdomo wake: miezi sita, hati mkononi. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimepokea pesa ya mchezo wa upatu, nikalipa yote pale pale na nikajiona mjanja. Jirani yangu fundi seremala alilipa kidogo kidogo, elfu hamsini kila anapoona kazi imesogea. Faili lake ndilo lililotangulia. Wanaodaiwa huwa hawasahauliki. Mimi niliyemaliza nani anipigie simu?

Sehemu iliyonishangaza kwa uzuri ni siku ya kuonyeshana mipaka. Vijana walikuja na mashine yao ya miguu mitatu, na kila kona lazima asimame mwenye kiwanja na jirani anayepakana naye, wote wakubali, ndipo wapime. Kupima kona moja ni dakika chache. Kukubaliana ndiko kulikokula siku nzima. Kiwanja changu kina majirani wanne, na kwa miaka yote ile hatukuwahi kusimama wote pamoja tukaangalia ardhi.

Halafu likaja suala la barabara. Mchoro wa mipango miji haupiti kama nyumba hazifikiki, kwa hiyo kichochoro chetu kilitakiwa kiwe na mita nne. Kila mmoja akatwe upande wake. Mimi nilitoa mita moja na ushee, na mpera wangu ukaenda nayo. Mama wa upande wa pili akahamisha banda la kuku huku akilaani. Ila mzee wa kona alikataa katakata: karo la choo lake lingebaki nje ya mpaka. Kamati ilikwenda kwake mara tatu. Mara ya nne alikaa kimya muda mrefu, akiangalia ile kona. Sote tulijua anachokiangalia. Mwaka mmoja nyuma jeneza la mkewe tulilipitisha juu ya ukuta wa jirani kwa sababu kwenye kona ile halikuweza kugeuka. Akasema, “Pimeni,” akaingia ndani. Karo jipya tulimchangia.

Baada ya hapo, kimya. Bikoni zimewekwa, kampuni imehama ofisi, simu inaita haipokelewi. Katikati ya kimya hicho aliyekuwa Waziri wa Ardhi, William Lukuvi, akatangaza kwamba mwananchi asitozwe zaidi ya 150,000 kwa kiwanja. Sisi tulikuwa tumeshatoa laki mbili na nusu, na hakuna aliyerudishiwa chenji.

Hapa niwaeleze kitu ambacho nilikielewa nikiwa nimeshachelewa. Urasimishaji una hatua tatu, na kila moja ina mlango wake. Kwanza mchoro wa mipango miji uidhinishwe. Pili upimaji, ramani ipite kwa mkurugenzi wa upimaji. Tatu ndiyo umilikishaji: unaomba mwenyewe, unalipa ada za serikali, Kamishna wa Ardhi au msaidizi wake anasaini, Msajili anasajili. Pesa tuliyoipa kampuni iliishia hatua ya pili. Kwa hiyo “hati mkononi” haikuwemo kwenye bei tangu mwanzo, na risiti yangu nilipoitoa kuisoma vizuri iliandikwa “huduma za upimaji” tu. Soma risiti, jamani. Nyota ya kwanza niliyoikata ni hii.

Ramani ikapita baada ya kamati kuibana kampuni mbele ya halmashauri. Ndipo nikaenda kuomba hati: kitambulisho cha NIDA, pasipoti saizi, karatasi ya mauziano, barua ya mtaa, fomu. Dada wa mapokezi akachukua fomu, akauliza jina la mwenye nyumba, akaanza kuandika la mume wangu.

“Na langu,” nikamwambia.

“Mama, huwa tunaandika la baba.”

“Baba mwenye nyumba ni huyu. Mama mwenye nyumba ni mimi, na hela ya kiwanja ilitoka kwenye cherehani.”

Mume wangu akacheka, akasema andika yote mawili. Ikaandikwa, umiliki wa pamoja, na haikuongeza hata senti. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki, hamfanyiwi hisani. Lakini usiposema, fomu itajazwa ilivyozoeleka. Kina mama mnaosoma hapa, muwe pale fomu inapojazwa. Msitumiwe picha kwenye simu baadaye.

Malipo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nilipewa ankara moja yenye namba ya malipo, imechanganuliwa mstari kwa mstari: tozo ya mbele, ada ya kuandaa hati, usajili, ramani ndogo, ushuru wa stempu, pango la ardhi la mwaka. Laki mbili na kitu. Nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje. Hakuna mtu aliyeshika pesa yangu. Aliyewahi kufuatilia kiwanja miaka ya nyuma anajua nazungumzia nini.

Hati nikaichukua Agosti 2023. Tangu mkutano wa kwanza ni miaka mitano na miezi mitano. Shemeji yangu wa Singida alianza baada yangu akamaliza kabla. Zamani mambo yao ya hati yalikuwa yakimalizikia ofisi ya kanda, Dodoma, lakini mwaka 2020 kila mkoa ukawekewa ofisi ya ardhi. Yeye anakwenda asubuhi, mchana yupo dukani kwake.

Sasa mkopo, maana ndio wimbo tuliouimbiwa. Mwaka 2004 serikali ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, kwa mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto: kwamba maskini ana mali, ila ni mtaji uliokufa kwa kukosa karatasi, mpe karatasi benki zitafunguka. Nilibeba karatasi yangu nikaenda benki. Afisa mikopo aliitazama, akaisifia, akaiweka pembeni. Akataka mauzo ya miezi sita, leseni ya biashara, TIN, na ripoti ya mthamini ambaye namlipa mimi. Kisha akasema kwa mauzo ya mafundi cherehani wawili anaweza kunipa theluthi ya nilichoomba. Benki inataka kujua utalipaje, na hati inajibu swali la usipolipa. Nilivyolielewa hilo nikarudi VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nyumba yangu sikuiweka rehani. Nyota ya pili imekatwa hapo, ingawa naikata kwa waliotutangazia, hati yenyewe haina kosa.

Kilichobadilika kweli ni kitu ambacho hakuna aliyekitaja mkutanoni. Gari la majitaka sasa linafika mpaka mlangoni kwangu. Zamani tulikuwa tunalipa vijana wachimbe shimo la pili usiku. Na msimu mmoja wa mvua bajaji ilimbeba binti wa jirani mwenye uchungu wa kuzaa kutoka uani kwao hadi hospitali. Barabara ile ya mita nne, ambayo kila mtu aliililia kama msiba, ndiyo mali kubwa tuliyoipata.

Tahadhari nyingine ni pango la ardhi. Ukishakuwa na hati unalipa kila mwaka. Mtaani kwetu wengi viwanja vyao vimepimwa lakini hati hawajakwenda kuchukua kwa kuogopa bili hiyo. Mzee wa kona aliniuliza, “Nimenunua, nimejenga, sasa ni mpangaji wa serikali?” Nikamweleza kama nilivyoelezwa: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, hati inakupa haki ya kuimiliki kwa muda, kwa juu kabisa miaka 99. Akapiga hesabu kwa vidole. Akasema basi inatosha, na wiki iliyofuata nikamwona kwenye foleni na bahasha yake ya kaki.

La mwisho, linda bikoni zako. Yangu ya kona ya nyuma waliing'oa vijana waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba, wakaiegemeza ukutani kama jiwe la kukalia. Nimeikuta mwanangu ameiwekea sufuria. Namba yake ipo kwenye ramani kwa hiyo itarudishiwa pale pale, lakini mpima ameshaniambia nauli na posho ni juu yangu.