Uandikaji wa dawa katika zahanati moja ya Ngamiani, Tanga

Kwa miaka miwili familia yangu imekuwa ikitibiwa katika zahanati moja ya binafsi hapa Ngamiani, na kwa kuwa nina mazoea ya kuhifadhi kila cheti cha dawa, ninaandika tathmini hii nikiwa na vyeti kumi na tisa mezani. Kuhusu usafi, foleni na kauli za wahudumu sina la kulalamikia. Ninachokizungumzia ni dawa zenyewe, maana vyeti kumi na vitatu kati ya hivyo vina antibaiotiki, vikiwamo vitatu vya mafua ya kawaida, ugonjwa unaoletwa na virusi ambavyo antibaiotiki haziviwezi.

Kipimo cha haraka cha malaria hufanywa kila mara, jambo la kupongezwa, kwani tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Tatizo ni kwamba jibu likiwa hasi halisikilizwi. Masika yaliyopita mke wangu alipimwa, hakukutwa na malaria, na bado akaandikiwa mseto, dawa ya malaria, vidonge 24 vya siku tatu, pamoja na antibaiotiki ya siprofloksasini. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba vijidudu wakati mwingine hujificha. Ikiwa ndivyo, ile pesa ya kipimo tulilipia nini?

Taifodi nayo ina mkondo wake. Mtu mwenye homa na uchovu hupimwa Widal, kipimo cha damu kinachotafuta kinga dhidi ya taifodi, mara moja tu, kisha huanzishiwa dozi siku hiyohiyo, ilhali kipimo hicho kinaweza kuonyesha mabaki ya kinga ya maambukizi ya zamani, na kuotesha damu maabara ili kuona kama ina vijidudu ndiko kunakotegemewa zaidi. Mwanangu mkubwa "ameugua" taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja, nami siamini hata moja.

Lililoniudhi zaidi lilimhusu mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu, aliyeharisha maji matupu, bila damu wala homa. Tulirudi nyumbani na chupa mbili za dawa ya maji, metronidazoli na amoksilini, zote antibaiotiki, bila pakiti ya chumvichumvi wala zinki, ingawa tangu 2004 hizo mbili ndizo zinazopendekezwa kwa mtoto wa namna hiyo, na zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Tulizinunua wenyewe duka la dawa, kwa bei ndogo kuliko ya zile chupa.

Nimeona pia kwamba sisi wenye bima huandikiwa dawa nyingi zaidi: jirani yangu anayelipa taslimu alitoka na aina mbili kwa kikohozi kilekile kilichonipatia mimi tano.

Hata hivyo, tabibu wa zamu ya jioni ni mtu wa namna nyingine. Alimsikiliza binti yangu kifua, akamwandikia parasetamoli pekee, akaeleza kwa nini hahitaji zaidi na dalili zipi zikitokea arudi haraka. Mtoa dawa dirishani naye hamkabidhi mtu bahasha iliyoandikwa 1x3 bila kuhakikisha ameelewa kwamba ni kila baada ya saa nane.

Kwa hiyo bado tunakwenda, ila jioni, na kabla ya kufika dirisha la dawa ninarudi chumba cha daktari kuuliza kila dawa iliyoandikwa inatibu nini.