Mashine ndogo ya MIG ya ampea 200: inafaa, ila jedwali la kifunikoni halikuandikiwa banda la Unguja wala Pemba

Tuanze na hukumu. Hizi mashine za kuchomelea za inveta (nyepesi, za saketi za kielektroniki) za umeme wa nyumbani, zilizoandikwa 200 kwa herufi kubwa usoni, zinazochomelea kwa waya unaotoka wenyewe, ndiyo MIG, na pia kwa rodi, zinafaa kununuliwa na fundi wa mageti, grili, madawati ya skuli na fremu za vibanda, yaani chuma cha milimita 1.2 mpaka 5. Kwa fundi anayetembea na kazi juani na kwenye upepo, zinafaa kwa upande wa rodi tu. Kwa aluminiamu ya boti, hazifai kama zilivyo ndani ya boksi. Saketi yake si mbaya. Kinachowaangusha watu ni lile jedwali lililobandikwa ndani ya kifuniko cha waya, linalompa fundi volti na kasi kwa kila unene kana kwamba umeme, gesi na upepo ni mamoja dunia nzima.

Kabla ya kutoa pesa, igeuze nyuma usome kibati. Herufi kubwa za usoni ni za kuuzia, kibati ndicho kinachosema kweli. Tafuta alama ya X, ndiyo muda wa kazi ndani ya dakika 10, ukipimwa kwenye joto la nyuzi 40. Ikiwa chini yake pameandikwa 30% kwa ampea 200, maana yake ni dakika 3 za moto na 7 za kupumzika. Mashine hiyohiyo itakupa takribani ampea 140 kwa 60%, na karibu 110 bila kusimama. Kwa geti la skwea paipu hizo 110 zinatosha na kubaki. Kibati kisichoonesha X kabisa ni sababu ya kuirudisha mashine kaunta.

Halafu umeme. Ampea 200 kwa volti 24 ni wati 4,800 zinazotoka. Ukijumlisha zinazopotea njiani, laini inaweza kuvutwa zaidi ya ampea 30. Na ndani ya boksi utakuta plagi ya pini tatu ya ampea 13! Plagi hiyo inabeba kazi za kuchomelea kwa ampea 80 kushuka chini. Ukipanda hapo kwa muda, soketi hubadilika rangi, kisha hunuka, kisha pini hulegea, na mashine inaanza kukatakata moto fundi akidhani waya ni mbovu. Itolee laini yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32 na soketi ya viwandani ya buluu. Ekstensheni nayo ina hesabu yake. Mita 25 za waya wa 1.5 zikibeba ampea 25 zinakula volti 14 hivi, na za 2.5 zinakula kama 8.5. Iliyobaki imezungushwa kwenye kigurudumu inapata moto hadi plastiki ikayeyuka, kwa hiyo ifungue yote hata kama kazi iko hatua tatu.

Weka mita kwenye soketi mtu mwengine akiwa anachomelea, si mashine ikiwa imekaa. Kama unaona 230 kabla ya moto na 198 moto ukiwaka, hakuna jedwali litakalokusaidia. Punguza ampea, au subiri mtaa upoe.

Sasa kuipanga. Mashine ina vitu viwili vya kuzungusha, na kimoja kina jina la kupotosha. Kitufe kinachoitwa ampea kwa kweli ni kasi ya waya: waya ukienda mbio, ampea zinapanda. Volti ndiyo inayoamua urefu wa moto na upana wa mshono. Chuma cha milimita 3 kinataka kama ampea 120, cha 1.5 kinataka 60 hadi 70. Kwa waya wa milimita 0.8, ampea 100 ni kama mita 5 kwa dakika, na hapo unapanda au kushuka kwa uwiano: 65 ni mita 3.3, 120 ni mita 6. Kupata volti, zidisha ampea kwa 0.05, jumlisha 14. Ampea 65 zinakupa volti 17.25, 120 zinakupa 20.

Kasi iliyoandikwa kwenye kioo usiiamini bila kuipima. Toa klempu ya ethi (kibano cha waya wa pili) kwenye chuma, elekeza tochi, yaani mkono unaotoa waya, pembeni mbali na kila kitu, bonyeza kifyatuo sekunde 6, kata waya uliotoka uupime. Zidisha kwa kumi. Sentimita 50 ni mita 5 kwa dakika. Mashine mbili za rangi moja kutoka boksi moja zinaweza kusema 5 na kutoa tofauti.

Hapo ndipo jedwali linapoanza kuteleza. Angalia juu yake limeandikwa gesi gani. Mengi ni ya mchanganyiko wa argoni 80 na kaboni dayoksidi 20, ilhali mtungi wako huenda ni kaboni dayoksidi tupu, ambayo ni rahisi zaidi na inapenya vizuri. Gesi hiyo inataka volti 1 hadi 2 zaidi kwa kasi ileile. Fundi akifuata jedwali anapata mshono uliovimba kama mgongo wa kobe, umekaa juu ya chuma bila kukishika, na vitone vimetapakaa kila mahali. Hata ile hali ya kujipanga yenyewe, inayokutaka uchague unene tu, inafanya kosa hilo ukiiacha kwenye gesi isiyo yako. Ina kitufe cha kurekebisha, kipandishe.

Kurekebisha kwenyewe ni kwa masikio. Chukua vipande viwili vya chuma kilekile cha kazi, visafishe kwa grenda mpaka king'ae, weka kasi ya waya uliyohesabu, kisha usiiguse tena. Gusa volti tu, nusu nusu. Volti ikiwa ndogo waya unakita chuma, unausikia unasukuma mkono, na sauti ni pa, pa, pa ya mpasuko. Ikiwa kubwa sauti inakuwa pana kama upepo, tone kubwa linaning'inia kwenye ncha ya waya, na mshono unalala bapa huku pembeni umechimba mfereji. Katikati kuna mahali sauti inatulia: mlio wa mfululizo, mkavu, kama bajia zinapotumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka. Hapo acha. Ukitaka kubadilisha ampea, badilisha kasi, kisha itafute bajia upya.

Waya utoke kwenye tipu ya shaba, ile ncha ya tochi yenye tundu, milimita 10 hadi 12 mpaka kufika chuma. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi iliyokwisha kupangwa vizuri. Mkono ukichoka tochi inanyanyuka, waya unakuwa 20, ampea zinashuka zenyewe na gesi haifiki. Mshono unaanza vizuri na kuishia na vitundu, lawama anabebeshwa mwenye gesi. Tochi ilale nyuzi 10 hadi 15 kutoka wima, na kwa waya wa gesi isukume mbele. Kwa waya wa unga, usiohitaji gesi, ivute nyuma.

Waya huo wa unga tuuzungumze, maana kwa visiwa hivi ndio unaomfaa aliye mbali na mahali pa kujazia mtungi. Wengi wanaulaumu kwa kutapika cheche, na mara nyingi kosa ni moja: hawakugeuza chanya na hasi. Waya wa gesi unataka tochi iwe kwenye chanya. Waya wa unga wa bila gesi unataka tochi kwenye hasi. Fungua kifuniko, karibu na rola inayosukuma waya kuna vichwa viwili au plagi fupi mbele ya mashine, vibadilishe. Badilisha na rola pia: yenye mfereji wa V ni ya waya mgumu, yenye meno ni ya waya wa unga. Wa unga ukiubana kwenye V kwa nguvu unapondeka na unga unamwagika ndani ya mrija.

Mgandamizo wa rola unapimwa hivi: elekeza tochi kwenye kibao cha mti, umbali wa sentimita 5, bonyeza. Waya ukijikunja na kuendelea kutoka, umepata. Rola ikiteleza, kaza robo mzunguko. Kukaza mno kuna adhabu yake. Siku tipu ikiziba, waya hausimami, unajisokota nyuma ya rola kama kiota cha kunguru, na utakata nusu mita ya waya kila mara.

Gesi: lita 10 hadi 12 kwa dakika ndani ya banda, 15 mwisho. Kuongeza hadi 25 kwa kuogopa upepo ni kosa, gesi ikitoka kwa kasi inajipinda na kuvuta hewa ndani, vitundu vinazidi. Mtungi wa kilo 10 za kaboni dayoksidi unatoa lita 5,400 hivi, sawa na saa saba na nusu za moto mtupu kwa lita 12. Uusimamishe wima na uufunge mnyororo. Mtungi wa kuzimia moto usiutumie hata ukipewa bure: ndani una bomba linalofika chini, linatoa kimiminika badala ya gesi, na regyuleta (kipunguza shinikizo cha mtungi) itaganda barafu au kupasuka.

Upepo wa hapa ni habari nyengine. Upepo wa mita 2 tu kwa sekunde, unaotikisa majani kidogo, unatosha kuifagia gesi. Kusi ukivuma, banda lililofunguka kusini haliwezi MIG ya gesi bila ukuta wa turubai, na kaskazi ikiingia utahamisha turubai upande wa pili. Feni ya kujipepea nayo ni upepo! Ielekeze mgongoni, chini ya kiuno, isifike kwenye mshono. Nje kabisa, kwa mfano grili inayofungwa ghorofani, hamia kwenye rodi, mashine inayo nafasi hiyo na upande huo inafanya kazi vizuri kuliko inavyotangazwa.

Kwa sababu ya chumvi, wateja wengi wanataka paipu za mabati. Zinki ikichemka chini ya moto inatoboa mshono na kutoa moshi mweupe unaomlaza mtu usiku na homa na baridi. Saga zinki sentimita 2.5 kila upande wa kiungo, chomelea pahala penye hewa, vaa barakoa ya moshi, kisha paka rangi ya zinki ukishamaliza. Maziwa wanayokunywa mafundi baada ya kazi yanakwenda tumboni, moshi ulikwenda mapafuni.

Vilivyomo ndani ya boksi viko chini ya mashine yenyewe. Klempu ya ethi ni bati lililokunjwa, inashika rangi badala ya chuma na kupata moto, nunua ya shaba ya ampea 300. Kofia ya mkononi ina kioo kisichoandikwa namba. Unataka namba ya giza 10 au 11, la sivyo usiku utajihisi una mchanga machoni. Tipu mbili walizotia haziishi wiki, na hapa ndipo aina ya tochi inapokuwa na maana. Chagua mashine yenye tochi ya kuchomoa ya aina ya MB15, tipu zake za nyuzi M6 ni za kawaida. Tochi iliyofungwa moja kwa moja ndani ya mashine ikifa, mashine nzima inakaa.

Kupima kama umepanga sawa, chomelea vipande viwili kwa umbo la T, upande mmoja tu, kisha vilaze kwa nyundo kuelekea mshono. Ukikatika na kuacha uso laini wa chuma usiochimbwa, moto haukushika: ongeza kasi na volti, au punguza mwendo wa mkono. Ukijikunja bila kuachia, endelea na geti. Pima hivyo kila unapofungua mtungi mpya au roli mpya ya waya. Kwa kazi inayobeba watu, kama ekseli ya gari la ng'ombe au kiti cha daladala, ampea 200 za aina hii kwa chuma cha milimita 8 hazitoshi kwa pasi moja. Saga kingo kwa mshazari, upite mara mbili au tatu.

Adui wa mwisho ni hewa yenyewe. Feni ya nyuma inavuta chumvi na vumbi la grenda juu ya bodi za umeme, na vumbi hilo la chuma linapitisha umeme. Weka mashine upande ambao upepo unatokea, grenda upande wa pili. Kila mwezi zima, chomoa, subiri dakika 10, fungua gamba na pulizia kwa hewa kavu ya shinikizo dogo. Roli ya waya usiiache ndani ya mashine usiku. Kutu isiyoonekana kwa jicho inakwaruza mrija na kufanya waya utoke kwa kushtuka, na mshono ukishtuka hakuna kitufe kitakachotengeneza. Itoe, itie mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, funga mdomo. Na mizunguko miwili ya juu ya waya, asubuhi, ikate utupe.