Misumari ya piramidi ya milimita 6: tathmini kwa wanawake wa mita 800 na 1500 uwanja wa ndani

Spaiki za bei kubwa, yaani viatu vya mbio vyenye misumari chini, hununuliwa kila siku, lakini misumari iliyokuja nayo huachwa vilevile bila hata kupimwa. Uwanja wa nje unaweza kukusamehe. Wa ndani una mzunguko wa mita 200, kwa hiyo mita 800 ni kona 8 na mita 1500 ni kona 15. Katika kila kona mguu wa kulia unasukuma kwa ukingo wake wa ndani na wa kushoto kwa ukingo wa nje, na kinachoshika chini ni vipande hivi vidogo vya chuma.

Tunayoipima hapa ni pakiti ya kawaida: chuma, umbo la piramidi, milimita 6, pamoja na ufunguo wake. Misumari inunulike bila wasiwasi. Ufunguo ule mdogo wa bati ni hasara tupu. Unateleza na kula kichwa cha msumari. Tafuta wenye mpini wa umbo la T.

Kwa nini piramidi? Msumari wa sindano unatoboa, na wenye viwanja wengi wa ndani hawautaki kabisa kwa sababu mpira wao ni mwembamba na mara nyingi umelazwa juu ya mbao. Ule wa ngazi ngazi, unaofanana na mti wa Krismasi, unashika vizuri ila kingo zake zikilika hugundui mapema. Piramidi ikilika unaiona kwa macho: ncha inakuwa bapa inayong'aa. Kuna pia za seramiki, nyepesi kweli, lakini mtu akivuka zege nazo mara moja anaweza kukuta moja imekatika. Kwa mbio za dakika mbili au nne, gramu hizo hazistahili hatari hiyo.

Urefu ndio penye makosa mengi. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinaruhusu hadi milimita 9 kwenye mbio, na misumari isiyozidi 11 kwa kila kiatu, lakini mwenye uwanja ana haki ya kushusha kiwango, na ndani milimita 6 ndiyo inayoulizwa sana. Nusu ya msumari iliyo upande wa ncha lazima ipite kwenye kipimo cha mraba cha milimita 4. Anayefanyia mazoezi kwenye murramu, kama ule uwanja wa Tambach nchini Kenya, huwa na misumari mirefu kwa sababu udongo unaitaka. Ukisafiri nayo hivyo hadi Ulaya, utakuwa unaifungua kwa mikono inayotetemeka huku wenzako wanapasha misuli. Tena msumari mrefu kwa mkimbiaji mwepesi hauzami wote: mguu unabaki umesimama juu ya ncha, na kifundo kinayumba kwenye mwinamo wa kona.

Kufunga: safisha tundu kwa mswaki mkavu, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno ya skrubu, kisha anza kwa vidole. Msumari ukigoma kabla ya mizunguko miwili umeingia kombo. Urudishe, usiulazimishe kwa ufunguo, maana meno ya tundu yakiharibika kiatu ndicho kimeharibika. Kitako kikigusa soli, ongeza robo mzunguko tu. Kimbia mita 60 mara tatu au nne, kaza tena. Hatua hii ya mwisho watu huiruka, na ndipo msumari unapopotea katikati ya mashindano.

Msumari ukiganda, ushike kwa koleo la kubana na uuzungushe polepole. Usipige nyundo.

Jambo jingine ni msongamano. Kwenye mita 800, wakishaachiwa kutoka njia zao wote wanakimbilia njia ya kwanza, na visigino vinachanika hapo. Kwenye mashindano ya dunia ya ndani, Glasgow mwaka 2024, Tsige Duguma wa Ethiopia alishinda kwa 2:01.90, muda wa mbio za kuviziana, na mbio za namna hiyo ndizo zenye kukanyagana. Gudaf Tsegay, aliyeshinda mita 1500 kwenye mashindano hayo hayo Nanjing mwaka 2025 kwa 3:54.86, aliwaacha wenzake kwa zaidi ya sekunde nne. Huko mbele hakuna wa kukukanyaga. Piramidi, kwa kuwa ncha yake ni butu kuliko sindano, inachubua zaidi kuliko kutoboa. Si kinga, ila ni afadhali.

Kasoro za pakiti: nyingine huja na misumari isiyolingana urefu. Ipange yote mezani kichwa chini na uiangalie kwa usawa wa jicho. Hesabu pia matundu ya kiatu chako. Yakiwa 6 kwa mguu unahitaji 12, basi nunua angalau 16. Usibadilishe mmoja mmoja ukilika. Badilisha safu nzima ya mbele, la sivyo mpya utabeba mzigo wote na utausikia chini ya dole gumba.

Spaiki zenye misumari ya kudumu hazihitaji pakiti hii. Hizo zipime kwa rula kabla ya kulipa.