Skifu ya mbio iliyotumika: ipi ununue, na namba yake ya handikapu utaiweza?

Anayetafuta skifu ya mbio, yaani mashua nyepesi yenye matanga makubwa, nchini Uingereza huanza na namba ya handikapu, ile inayorekebisha muda ili mashua za aina tofauti zishindane pamoja. Aina iitwayo 49er ni karibu 700. RS800 karibu 800. Musto Skiff karibu 850, 29er karibu 900. Kadiri namba inavyopungua ndivyo mashua inavyohesabiwa kuwa na kasi zaidi, na mnunuzi mgeni huvutwa na ile ndogo kuliko zote, hasa akikuta 49er kuukuu inauzwa kwa bei ya kutupa. Ushauri wangu ni kinyume: nunua mashua ambayo namba yake utaiweza kwenye maji ya klabu yako. Nitaeleza sababu kwanza, kisha nizipange mashua zenyewe.

Mfumo wenyewe unaitwa Portsmouth Yardstick. Chama cha uendeshaji mashua cha Uingereza, RYA, hupokea matokeo ya mbio kutoka klabu mbalimbali na kutoa orodha ya namba kila mwaka. Hesabu yake ni nyepesi: chukua muda uliotumia, zidisha kwa 1000, gawa kwa namba ya mashua yako. ILCA 7, ile iliyokuwa ikiitwa Laser, ina namba ya 1100 hivi. Ikimaliza mbio kwa dakika 55, muda wake uliorekebishwa ni dakika 50. Ili 29er ilingane nayo lazima imalize kwa dakika 45, na 49er kwa dakika 35.

Sasa tia ajali humo. Kila mashua ipinduke mara moja na kupoteza dakika moja. Kwa ILCA, dakika hiyo inageuka sekunde 55 kwenye karatasi ya matokeo. Kwa 49er inageuka sekunde 86. Kosa lilelile, bei tofauti, na anayelipa zaidi ni mwenye mashua ya kasi. Ongeza kwamba mwenye skifu hupinduka mara nyingi kuliko mwenye ILCA, na utaelewa kwa nini wapya wengi wa skifu hukaa mkiani mwa orodha msimu mzima ilhali majini wanaonekana wakiruka.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia. Namba hutokana na matokeo ya watu wanaoendesha aina hiyo ya mashua. ILCA huendeshwa na kila mtu, mtaalamu na mzembe. 49er huendeshwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wamepitia timu za taifa au za vijana. Kwa hiyo namba ya skifu kali imebeba ndani yake ujuzi wa mabaharia wake. Isitoshe, aina zenye matokeo machache huwekwa pembeni kwa sababu takwimu zao hazitoshi, na klabu inaruhusiwa, tena inahimizwa, kurekebisha namba kulingana na maji yake. Ulizia kamati ya mbio kabla hujanunua: hapa 29er mnaipa namba gani?

Halafu kuna upepo. Skifu ina maisha mawili. Upepo ukiwa hafifu, haijapanda juu ya maji bado, ni mashua ndefu nyembamba yenye matanga makubwa na wala haina maajabu. Kwenda na upepo haiwezi kunyoosha moja kwa moja hadi boya. Lazima iende kwa pembe huku na huku ili spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele, ijae, na njia inakuwa ndefu. ILCA inanyoosha tu. Upepo ukifika kilomita 18 kwa saa hivi mambo yanageuka. Skifu inapanda na kuteleza juu ya maji, mwendo wake wenyewe unaongeza upepo inaouhisi, na 49er ikienda na upepo inaweza kuupita upepo wenyewe kwa kasi. Pembe ile iliyokuwa hasara sasa ni faida. Namba moja haiwezi kubeba maisha yote mawili. Inakata katikati tu. Wamarekani waliliona hilo, na katika mfumo wao uliotokana na huu wa Portsmouth kila mashua ina namba tofauti kwa nguvu tofauti za upepo, kufuata kipimo cha Beaufort. Waingereza wamebaki na namba moja. Mimi naona Wamarekani wana haki katika hili, ingawa kazi ya kukubaliana upepo ulikuwa wa nguvu gani huzua ugomvi wake.

Umbo la maji nalo lina neno. Kwenye bwawa dogo la bara unapindua, yaani unageuza mashua ili upepo uje upande wa pili, kila baada ya dakika moja au mbili, na skifu hupoteza kasi nyingi katika kila kupindua kwa sababu mabaharia lazima waingie ndani, wavuke, watoke tena kwenye trapezi, ule waya unaowashika kiunoni wakining'inia nje. Wanaojua mashindano ya mashua Lamu wameona kanuni hiyo kwenye ubao unaosukumwa nje upande wa joshi, mabaharia wakiusimamia ili chombo kisilale. Bahari au ziwa kubwa ndiyo makazi ya skifu. Kama klabu yako iko kwenye bwawa lililozungukwa na miti, soma aya inayofuata kisha uache kusoma.

Nunua RS200. Si skifu kamili, haina trapezi, namba yake ni 1050 hivi. Lakini ina spinaka ya upande mmoja kama skifu, ina urefu wa mita 4, inageuka upesi, na watu wawili wa kawaida huiendesha vizuri. Kwenye bwawa itaifunga 29er mwaka mzima.

Kwa wengine wote, nafasi ya kwanza naipa 29er. Ilichorwa na Julian Bethwaite wa Australia, huyohuyo aliyechora 49er, na ndiyo mashua ya vijana katika mashindano ya dunia. Faida yake kwa mnunuzi inatokana na hapo: vijana hukua, huongezeka uzito, huhama, na mashua zao huingia sokoni kila mwaka, nyingi zikiwa zimetunzwa na wazazi wenye wasiwasi. Trapezi ni moja tu, ya baharia wa mbele. Tanga dogo la mbele linajivusha lenyewe mnapopindua, kwa hiyo mikono ya baharia inabaki kwenye demani, ile kamba ya kulivuta na kulilegeza, ya tanga kuu na kamba za spinaka. Ubaya wake ni uzito wa watu. Wawili mkizidi kilo 140 kwa pamoja mtaona tofauti, na mkifika 160 mashua itawaburuza upepo ukiwa mdogo. Watu wazima wawili walioshiba wasidanganyike na bei.

Nafasi ya pili ni Musto Skiff, kwa mtu asiye na mwenzake. Mjerumani Joachim Harpprecht aliichora iwe ya mtu mmoja: trapezi, tanga kuu, na spinaka ya mita za mraba 15 hivi, vyote mikononi mwako. Inachosha, na miezi ya kwanza utaoga zaidi ya utakavyosafiri. Lakini tatizo kubwa la skifu za watu wawili si upepo wala namba. Ni mwenzako aliyetuma ujumbe asubuhi kwamba ana harusi. Musto Skiff haina tatizo hilo. Watu wenye miaka 50 na zaidi wanaiendesha kwa heshima.

RS800 naiweka ya tatu, na kwa wawili wazito ingekuwa ya kwanza. Trapezi mbili, mabawa ya pembeni yanayoweza kurekebishwa, na utaratibu wa kusawazisha uzito ili wepesi na wazito washindane bila manung'uniko. Ni ngumu kuliko 29er ila haina hasira ya 49er.

Ya nne ni 49er yenyewe. Imo kwenye Olimpiki tangu Sydney 2000, na dada yake 49erFX yenye matanga madogo tangu Rio 2016. Ina urefu wa karibu mita 5 na trapezi mbili. Mlingoti ukiwa umesimama, haisimami yenyewe majini, ukiiachia inalala. Timu za taifa huziuza zikiwa hazina umri mkubwa, na hapo ndipo mtego ulipo: huuzwa kwa sababu ganda limelegea. Kama umeshikwa na hamu, tafuta FX, au 49er yenye mlingoti wa kaboni, ulioanza kutumika 2009. Ile ya kabla yake ya alumini imepitwa na wakati.

International 14 naipenda na sikushauri kuinunua. Ni aina ambayo wachoraji wanaruhusiwa kuibadilisha ndani ya mipaka ya kanuni, na ndiyo iliyoleta trapezi mbele ya macho ya watu mwaka 1938, Peter Scott na John Winter waliposhinda nayo kombe la Prince of Wales kisha kifaa chenyewe kikapigwa marufuku. Ya kisasa ina bawa dogo chini ya usukani. Ukinunua ya zamani utakuwa na namba ya mashua mpya kwenye ganda lililopitwa.

Unapokwenda kukagua, beba mizani. Kila aina ina uzito wa chini uliowekwa na kanuni. Ganda lililozidi kwa kilo kadhaa limenyonya maji, na maji hayo hayatoki kwa jua la wiki moja. Bonyeza kwa kidole gumba mahali baharia anaposimama, kuzunguka kitako cha mlingoti na mabawa yanapoungana na ganda. Pakibonyea, au ukigonga ukasikia sauti ya butu, tabaka la faibaglasi limeachana na povu la ndani. Chunguza mlingoti pale nyaya zinaposhikilia. Matanga yawe na stika za aina husika, la sivyo hutaruhusiwa kushindana kwenye mbio za aina moja. Spinaka iliyochoka inajulikana kwa mkono: kitambaa kimekuwa laini kama leso na hakina mlio.

Mwenye kutaka kusafirisha hadi Mombasa au Dar es Salaam anunue pamoja na mashua usukani wa akiba, kana mbili (mikono ya kushikia usukani), na kamba zote mpya, kwa sababu jua la pwani litazila kabla ya kusi ya pili na duka la karibu lenye vipuri hivyo liko ng'ambo.