Mche wa bonsai wa bei kubwa Dodoma: unalipia nini hasa?

Mche wa bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo chunguni, ukiandaliwa vizuri huweza kuuzwa mara tano ya bei ya mche wa kawaida wa mti uleule. Je, unastahili? Tunasema ndiyo, ila kwa miti michache, na kwa sharti kwamba unalipia shina na mizizi, si chungu cha kung'aa.

Kwanza, hakuna mbegu ya bonsai. Pakiti zinazouzwa kwa jina hilo ni mbegu za miti ya kawaida. Kinachofanya bonsai ni kupogoa matawi na mizizi ili mti ukae mdogo chunguni. Kwa hiyo bei halali ni bei ya miaka. Mti ukishaingia kwenye chungu kifupi, shina hunenepa polepole mno. Mwenye kitalu aliyeuacha ardhini miaka mitatu hadi mitano, akawa anaukata kileleni ili shina liwe nene chini na lipungue kuelekea juu, amekuokolea muda mrefu sana. Hiyo ndiyo kazi ya kulipia.

Ukifika kitaluni, achana na majani, anzia chini. Fukua udongo sentimita mbili kuzunguka shina. Mizizi iwe imetawanyika pande zote. Ukikuta mzizi mmoja umejizungusha shinani, mche ulikaa kwenye kiriba kupita kiasi. Mzizi huo utalikaba shina kadiri linavyonenepa, na kuukata baadaye huenda kukaondoa nusu ya chakula cha mti. Tikisa shina taratibu. Likicheza, mche umehamishiwa chunguni juzi tu kwa ajili ya kuuzwa. Kwaruza gome kwa ukucha: chini yake pawe kijani kibichi. Angalia pia waya uliofungwa kuelekeza matawi. Uliozama kwenye gome huacha kovu la miaka, na hilo ni sababu ya kutosha ya kupunguziwa bei.

Kisha mimina kikombe cha maji. Yatoke chini ndani ya sekunde chache. Yakituama juu, ndani kuna mfinyanzi, ambao kwa jua la Dodoma hukakamaa na kuachana na kingo za chungu, maji yakapita pembeni huku katikati pakiwa pakavu. Changarawe zilizogandishwa kwa gundi juu ya udongo huleta tatizo hilohilo. Zing'oe siku hiyohiyo. Mchanganyiko tunaouamini ni sehemu mbili za vipande vya tofali la kuchoma au changarawe ya milimita 3 hadi 6, na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Chekecha vyote, maana vumbi ndilo linaloziba.

Kwa aina za miti, fikasi (mti wa jamii ya mkuyu) ndiyo tunayoipa alama za juu. Yenye shina la sentimita nne na mizizi mizuri, hata shilingi 70,000 tungetoa. Ile yenye mizizi minene kama mihogo na matawi ya fikasi nyingine yaliyounganishwa juu ni pambo la mezani. Usiilipie bei ya bonsai. Waridi la jangwa linavumilia ukame wetu vizuri, lakini chagua lililooteshwa kwa mbegu, kwa sababu la kipandikizi ni nadra kupata tumbo nene, yaani sehemu ya chini ya shina iliyovimba. Bonyeza tumbo hilo: likiwa laini na lenye maji, limeoza. Utomvu wake ni sumu, liweke mbali na watoto na mbuzi.

Mbuyu na mkwaju ni miti mizuri sana kwa bonsai, ila mche mdogo wa miti hii usiununue ghali. Mbegu zimejaa mkoani. Lipia ule wenye shina lililokwisha kunenepa tu. Junipa, miti ya jamii ya mtarakwa, ziache kabisa. Nyingi za bonsai zinahitaji majira ya baridi ili zipumzike, na hubaki za kijani wiki kadhaa baada ya kufa, kwa hiyo unaweza kununua maiti bila kujua.

Wanaonunua wakati wa Nanenane pale Nzuguni wakumbuke kwamba Agosti ni ukavu na upepo. Mbuyu usio na majani mwezi huo si mgonjwa. Mwagilia kidogo sana. Fikasi iliyotoka Dar es Salaam kwa basi au treni ya SGR itapukutisha majani kwa kukosa unyevunyevu wa pwani. Iweke chini ya neti ya kivuli wiki mbili au tatu, mbali na upepo, na usiizidishie maji kwa hofu. Ukiona utando mweupe kwenye udongo, ni chumvi ya maji ya kisima: mwagilia hadi maji yatiririke chini, na mvua zikianza kinga maji ya bati. Kubadilisha udongo kusubiri Novemba au Desemba, joto likiwepo na mvua ikikaribia. Mizizi iliyokatwa kwenye baridi ya Juni na Julai huchelewa kupona, na waridi la jangwa huozea hapo.